Chura wa Salamanca na Ng'ombe wa Mama

Wasee, kuna ile mvua ya Nairobi ya saa 10 jioni. Inamwagika nusu saa, barabara inakuwa mto, halafu jua linarudi kama hakuna kitu kilitokea. Mvua ya Salamanca si hiyo. Ilianza usiku tukiwa tumelala ndani ya vani, ikagonga bati juu ya kichwa changu mpaka asubuhi, na saa 5 ilikuwa bado inanyesha polepole tu, kama mtu ambaye hana haraka ya kwenda popote.

Tulikuwa wawili. Binamu yangu anafanya kazi Madrid, anatunza wazee, na ndiye alinilipia tiketi. Alipata likizo ya siku 4 mwezi wa Novemba, akakodisha vani ya kulala ndani. Fikiria matatu imetolewa viti, ikawekwa kitanda, sinki na meko ya gesi. Mji mkongwe una vichochoro vyembamba, si mahali pa kuingiza gari kama hilo, kwa hivyo tuliegesha ng'ambo ya mto Tormes na kuvuka kwa miguu kwenye daraja la Warumi. Upande mmoja wa daraja ulibebwa na mafuriko mwaka wa 1626 ukajengwa upya, lakini upande wa mjini bado ni kazi ya Warumi wenyewe.

Nilikuwa nimepanga kupiga video siku nzima. Kabla hatujafika juu kwenye kanisa kuu, upepo uligeuza mwavuli, maji yakaingia kwenye kamera, ikazima. Manze nilitaka kulia. Binamu akasema, "Basi leo utatumia macho."

Nikatumia. Mawe ya huo mji yanatoka Villamayor, hapo karibu. Yakichimbwa ni laini, fundi anayachonga kama sabuni, halafu yakikaa kwenye hewa yanakauka na kupata rangi ya dhahabu kwa sababu ya chuma iliyo ndani yake. Yakilowa yanakuwa ya kahawia, kama mandazi yaliyosahaulika kwenye mafuta. Kwenye kuta kuna maandishi mekundu kila mahali, neno Víctor na jina la mtu. Zamani mwanafunzi akipata udaktari aliandikwa hivyo, na rangi ilichanganywa na damu ya fahali. Mtu anamaliza shule, ukuta wa mji mzima unajua.

Chuo chenyewe kilianzishwa mwaka wa 1218. Mbele yake kuna ukuta uliochongwa wote, wafalme, ndege, mizabibu, mafuvu, na mahali fulani kwenye fuvu moja amekaa chura mdogo. Wanafunzi wanasema ukimwona mwenyewe bila kuonyeshwa utapita mitihani. Basi mimi huyo, mtu ambaye hana mtihani wowote, nimesimama kwenye mvua nikiinua shingo, maji yananiingia machoni, natafuta chura. Binamu alimwona haraka, akakataa kunionyesha. Mimi ilinichukua karibu nusu saa. Na nikimwona, badala ya kufurahi, nilihisi vibaya tumboni.

Wacha niwaambie kitu. Nyinyi mnanijua kwa ile kauli yangu ya digrii ni karatasi. Nimeisema kwenye video sijui ngapi. Kile sijawahi kusema ni kwamba mama yangu hajui niliacha chuo. Yuko Molo, ana simu ya kabambe, video zangu hazimfikii. Kwa akili yake niko mwaka wa 4, na kanisani ameshaanza kuulizia bei ya hema kwa sababu ya sherehe. Ni rahisi sana kuwa jasiri mbele ya watu ambao hawakukulipia karo.

Tuliingia ndani kukauka. Kuna darasa la zamani limeachwa lilivyokuwa, viti vyake ni magogo tu yaliyochongwa. Linaitwa kwa jina la Fray Luis de León, mtawa aliyefundisha hapo. Baraza la Inkwizisheni lilimfunga mwaka wa 1572, na moja ya makosa yake lilikuwa kutafsiri Wimbo Ulio Bora kwa Kihispania. Alikaa ndani karibu miaka 5. Hadithi ya pale ni kwamba alipoachiliwa alirudi akaendelea na somo kana kwamba alikuwa ameliacha jana.

Nikasema, "Huyo ni mnoma."

Binamu akaniangalia. "Huyo alikuwa na sababu ya kukosa darasa. Wewe je?"

Sikumjibu. Tulirudi kwa vani bila maneno mengi, viatu vinalia kwacha kwacha. Akaweka chai, akachukua kamera yangu akaizika kwenye sufuria ya mchele, ule mchele tulikuwa tupike jioni. Sijui kama hiyo kitu hufanya kazi kweli, lakini nilimwachia. Kisha akanipa simu yake. "Mpigie Anti. Kwao sasa ni saa 1 usiku, ameshakama ng'ombe."

Nilimpigia. Mama akaanza na yale yake, umekula, kuna baridi, huyo dada yako anakuangalia vizuri? Nikamwambia kunanyesha. Akasema hata Molo. Tukanyamaza kidogo, mvua ya huku na ya kule zote nazisikia, na nikaona nikingoja neno zuri sitalipata. Nikasema, "Mama, mimi nilitoka chuo. Mwaka wa pili."

Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Nilisikia akivuta kiti.

"Mwaka wa pili muhula gani?"

"Wa pili."

"Huo ndio niliuzia Kamweupe."

Kamweupe alikuwa ng'ombe wetu wa maziwa. Pesa zake zilikuja kwa simu yangu Jumatatu, na kufikia Ijumaa nilikuwa nimeshanunua kamera.

"Sasa ng'ombe yangu ilienda wapi?" Mama akauliza.

Nikaangalia ile sufuria ya mchele. Binamu alikuwa amezima meko, ameketi mlangoni akiangalia mto. Nikamwambia Mama iko hapa mbele yangu, na nikaanza kumweleza kamera ni nini.