Gari la Marehemu Kaka

Pengine mtashangaa kuona mwanafunzi wa Kidato cha Nne, ambaye mtihani uko mlangoni, anaandika habari za michezo ya televisheni. Niwieni radhi. Jambo lenyewe lilinipata likizo ya mwezi wa Juni, nyumbani kwetu Kariakoo.

Kaka yangu mkubwa alifariki mwaka 2023. Katika vitu alivyoacha mlikuwa na mashine ya PlayStation 2, aina iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2000, pamoja na kadi yake ya kumbukumbu yenye megabaiti 8 tu. Katika kadi hiyo alihifadhi mbio moja ya mchezo wa Gran Turismo 4: mzunguko mzima wa Nürburgring, Ujerumani, zaidi ya kilomita 20, akiendesha Nissan Skyline ya buluu. Mama alitamani kuyaona tena “yale magari yake,” nami nikamwahidi kuyatia katika simu yake kabla sijarudi bwenini.

Nilidhani ni kazi ya dakika tano. Kumbe ndani ya kadi hamna sinema hata kidogo! Kilichohifadhiwa humo ni kumbukumbu ya jinsi gari lilivyoendeshwa, na mashine huisoma ikaliendesha gari upya mbele ya macho yako. Kwa hiyo kuinakili kadi hakusaidii kitu. Sharti mashine iwashwe, na picha inaswe inapotoka katika waya.

Kwanza nilijaribu kuirekodi televisheni yetu ya chogo kwa simu. Michirizi myeusi ikapita juu ya picha toka mwanzo hata mwisho. Ndipo nikampelekea kijana mmoja mwenye kompyuta, akanitoza shilingi 10,000. Aliivuta picha ijaze kioo kizima, gari likawa pana kama chura, na kila lilipokata kona kingo zake zikatoka meno kama kitana. Mama alitazama kidogo, akanirudishia simu. “Gari la kaka yako halikuwa hivi,” akasema.

Maneno hayo yaliniuma. Kesho yake nikamwendea mzee mmoja anayetengeneza redio barazani, karibu na Mtaa wa Narung'ombe.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umeleta ugonjwa gani?”

Nilipomweleza alicheka, akatoa kifaa kidogo cha kunasia picha, akachomeka waya wa njano wa picha, na mwekundu na mweupe wa sauti. Lakini tulipowasha mashine, ikatuandikia kwamba kadi haijatayarishwa, je, itayarishwe? Mimi, kwa haraka zangu, kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kukubali. Mzee akanishika mkono. “Ukikubali, inafuta kila kitu!” Akaichomoa kadi, akafuta meno yake kwa kitambaa chenye spiriti, akapuliza, akairudisha. Mbio za kaka zikaonekana. Jasho lilinitoka, na hata leo nikikumbuka huona baridi.

Baadaye alinifundisha, nami nawaandikia kwa kuwa najua wengi wenu mna mashine za namna hii mvunguni. Mashine yetu ni ya mfumo wa PAL. Haitoi picha nzima kwa mara moja, bali hutoa mistari ya witiri, kisha ya shufwa, nusu 50 kwa kila sekunde. Kompyuta ikiziunganisha nusu mbili kuwa picha moja, kitu kinachokimbia huwa kimeshasogea katikati yake, na hayo ndiyo meno ya kitana. Wengine huitupa nusu moja. Meno hupotea, lakini mwendo huwa wa kukwamakwama. Mzee aliifanya kila nusu kuwa picha kamili, zikawa 50 kwa sekunde, na gari likateleza kama zamani. Kazi hiyo hufanywa kabla ya kuikuza picha. Ukikuza kwanza, umeyakuza na meno.

Kisha vipimo. Picha inayonaswa ina nukta 720 kwa 576, lakini nukta hizo si za mraba, na umbo la kioo cha zamani ni 4 kwa 3. Basi tuliikuza hata ikawa 1440 kwa 1080, na katika kioo cha kisasa cha 1920 tukaacha weusi wa nukta 240 kila upande. Nilimwuliza kama haipendezi kuujaza weusi ule kwa maua. Hakunijibu.

Usiku ule mama alikaa kitandani, simu mkononi, asiseme neno. Katikati ya mbio gari likayumba ghafula, likaingia majanini, likasimama, likarudi barabarani. Kaka hakuwa na kosa. Nilikuwa mtoto wa miaka saba, nilimsukuma kiwiko kwa kuwa hakunipa zamu yangu.

“Hapa ulimsukuma,” mama akasema. “Alikuja kukushtaki jikoni.”

Akanipa simu nimrudishie hapo hapo, na baada ya hapo akataka tena.