Waya za meno zikitolewa, ndo imeisha?

Nilipotea kidogo, UE zilinibana.

Juzi mdogo wangu wa Muleba kanipigia. Meno yake ya juu yametokeza, anataka kufungwa waya, na mama yuko tayari kuuza kahawa. "Kaka, yakinyooka ndo imeisha?"

Haijaisha. Waya zikitolewa, meno hupenda kurudi yalikotoka, kwa hiyo utavaa kifaa cha kuyashikilia kwa miaka mingi. Mizizi nayo hufupika kidogo. Kwa wengi haina shida, kwa wachache huzidi. Na usipopiga mswaki vizuri kuzunguka waya, fizi huvimba na meno hubaki na madoa meupe.

Wapo wanaotisha kwamba waya hubana njia ya hewa. Mwaka 2019 chama cha madaktari wa kunyoosha meno Marekani kilisema haijathibitika kwamba matibabu hayo huleta ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Ila usidanganywe pia kwamba waya ni dawa ya kukoroma.

Kabla mama hajauza hata gunia moja, muulizeni daktari gharama ya miaka yote, siyo ya siku ya kufunga tu. Nauli za kwenda Bukoba, au mbali zaidi, mzihesabu.

Wadau mliowahi kufungwa, mnasemaje?