Mahali pa Kulala na Watoto Kando ya Ziwa



Katika mikutano ya majuma haya, wamama wa vikundi vitatu wametuuliza swali moja: vakansi ikifika, ni wapi tunaweza kupeleka watoto walale siku mbili tatu kando ya ziwa na kupanda vilima, bila kumaliza fedha kwenye hoteli? Sisi tulifanya safari ya namna hiyo mwisho wa mwezi wa saba mwaka wa 2018. Tulikuwa wamama 9 na watoto 21 wa masomo ya msingi. Tutajibu kwa kusimulia namna tulivyochagua mahali pa kulala, kwa sababu ni hapo tulipokosea mara ya kwanza, na kosa lile lingeweza kutunyang'anya watoto.

Mtajua vizuri kwa nini tulitaka kutoka. Mtoto wa Goma analiona ziwa kila siku, lakini kwake ziwa ni kama bomba la maji: anashuka na bidoni tupu, anapanda na bidoni lililojaa. Vilima anaviona kwa mbali. Na kulala nje, watoto wetu walikwisha kulala nje, lakini kwa kukimbia. Wengine walibebwa mgongoni mwezi wa kumi na moja wa 2012, mji ulipochukuliwa. Tulisema: tuwalaze nje mara moja kwa furaha, wajue kwamba nchi yao si ya kukimbia tu.

Kwa miezi sita tuliweka fedha kidogo kidogo katika sanduku la MUSO yetu. Kisha tukatuma wamama wanne, kati yao walimu wawili, waende kutazama mahali.

Mahali pa kwanza palikuwa magharibi ya mji, upande wa barabara ya Sake. Palikuwa karibu, hapakuhitaji boti, na palikuwa pazuri kuliko tulivyotazamia. Kati ya migongo miwili ya mawe ya zamani ya volkano kulikuwa na bonde dogo, majani yake laini kama mkeka. Upepo haukufika humo, kelele za magari hazikusikika, na maji ya ziwa yalikuwa hatua chache tu. Tulianza kupanga: mahema hapa, babula pale, watoto wadogo katikati ili wasipate baridi. Mwenye shamba aliomba fedha kidogo za kushika nafasi, tukamlipa palepale.

Tulipokuwa tunapima kwa miguu, mama mmoja alipita juu yetu na beseni ya sambaza kichwani. Akasimama. Akauliza tunatafuta nini. Tukamwambia. Akatua beseni yake chini, akasema: "Bamama, musilalishe watoto humu. Humu kuko mazuku."

Hakushuka. Alituita tupande kule alikosimama, akatuonyesha kwa kidole kichaka kilichokuwa mwisho wa bonde, mahali pa chini kabisa. Chini ya kichaka kile tuliona ndege wawili wadogo wamekufa, na mjusi, na wadudu wengi wamelala chali. Alisema mbuzi wa jirani yake aliingia humo alfajiri moja akabaki humo. Watu wa pale wanajua. Mchana jua likiwaka wanapita, lakini usiku hawakanyagi.

Mazuku kila mtu wa Goma amesikia, lakini tuseme vizuri, maana wengine wanafikiri ni mambo ya uchawi. Ni hewa ya kaboni inayotoka katika ardhi ya volkano. Haina rangi, na mara nyingi haina harufu. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo inashuka na kujaa katika mashimo na mabonde madogo, kama maji katika beseni. Mchana upepo na joto vinaitawanya. Usiku na alfajiri, upepo ukikosa, inajikusanya. Anayelala humo anapotewa na fahamu na hapati nguvu ya kuamka. Mtu mzima aliyesimama anaweza kuwa na kichwa juu ya hewa hiyo, huku mtoto aliye kando yake akiwa ndani yake. Na anayeruka kwenda kumwokoa aliyeanguka, mara nyingi anaanguka naye.

Walimu wawili tuliokuwa pale tuliona haya. Somo la hewa ya kaboni tulikwisha kulifundisha katika mwaka wa sita, tukaandika ubaoni kwamba ni nzito na inazima moto. Lakini tuliposimama juu ya majani yale laini, somo lilibaki masomoni. Mambo yote yaliyotupendeza, yaani bonde, ukimya, kukosa upepo, ndiyo yaliyokuwa ya kuogopwa. Na hatukuwa tumemwuliza mtu yeyote isipokuwa mwenye shamba, aliyekuwa anatafuta fedha.

Fedha zile hazikurudi. Tuliziomba mara mbili, kisha tukaacha.

Mkutano uliofuata ulikuwa mgumu. Mama mmoja alisema Mungu ametuonya, tukae nyumbani. Mwingine, aliyezaliwa Idjwi, akasema: "Kwetu hakuna volkano. Twendeni kwetu." Hapo mama wa tatu akanyamaza, na sote tulijua sababu: ndugu yake alikufa majini, boti ilipozama. Katika ziwa letu hilo si jambo la mbali. Hakuna mtaa wa Goma usiokuwa na jamaa aliyepoteza mtu majini.

Hatukumlazimisha. Tulimwomba aseme mwenyewe masharti ambayo yangemfanya akubali. Akataja matatu. Kila mtoto avae jile ya kuelea, na jile hiyo ijaribiwe siku moja kabla. Tuondoke asubuhi, wakati ziwa limetulia. Na kama boti imejaa kupita kiasi, tusipande, hata kama tumelipa. Tuliyaandika kwenye daftari ya kikundi, na wote tukatia sahihi.

Wasiofika Idjwi tuwaambie kidogo. Ni kisiwa kikubwa katikati ya Ziwa Kivu, kirefu kama kilometa 40, nacho ni teritware ya Kivu ya Kusini. Kuna chiferi mbili, Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini. Wenyeji ni Bahavu, pamoja na Bambuti. Wanalima kahawa, mananasi, ndizi, maharagwe na muhogo. Uso wa ziwa wenyewe uko juu, karibu mita 1,460, na vilele vya kisiwa vinapita mita 2,000. Kwa hiyo ni mahali pa ziwa na pa kupanda milima kwa pamoja. Miaka yote ya vita katika Kivu, kisiwa hicho kilipokea watu waliokimbia kutoka pande zote.

Safari hii wawili wetu walitangulia siku ya posho, na walikwenda wakiuliza. Hawakuanza na wenye viwanja. Walianza na wamama waliokuwa wanachota maji na kufua nguo. Karibu na kivuko waliona ufuo mzuri wa kuogelea. Wamama wakawaambia: usiku hapo wanakunywa pombe, wasichana wenu hawatapita kwenda chooni. Na tena hatua chache kutoka ukingoni maji yanashuka ghafula. Ziwa Kivu halina mamba, ni kweli, lakini ni ziwa lenye kina cha mita zaidi ya 470, na sehemu nyingi kingo zake zinaenda chini kama ukuta.

Mahali tulipopachagua hapakuwa pazuri machoni kama pale pa kwanza. Kilikuwa kiwanja cha kanisa dogo, katikati ya mteremko, na upepo unapita. Kutoka hapo kushuka majini ilikuwa dakika kumi na tano kwa miguu, na watoto walinung'unika. Lakini kulikuwa na vyoo viwili vyenye milango inayofungika, nyumba ya kujificha mvua ikinyesha, kituo cha afya karibu, na chefu wa kijiji aliyepokea majina yetu yote kwenye karatasi. Mama mmoja jirani alikubali kutuuzia kuni na ndizi. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunavihitaji.

Siku ya safari, boti ya kwanza ilikuwa imejaa watu na magunia mpaka maji yalikaribia ukingo. Mwenye boti alisema, "Ingieni tu, ni watoto, hawana uzito." Tulitazamana. Mama yule wa masharti hakusema neno, alifungua tu ile daftari. Tuliketi chini ya jua na vyombo vyetu kusubiri boti nyingine, watoto wakalia njaa, na watu wa kivukoni wakatucheka. Boti ya pili iliondoka ikiwa na nafasi, na ziwa lilikuwa bado tulivu.

Usiku ule tuliketi kwenye mteremko tukatazama taa za wavuvi wa sambaza, nyingi juu ya maji. Ukungu ulipoondoka kidogo tuliona wekundu angani upande wa kaskazini. Wakati huo Nyiragongo ilikuwa bado na ziwa la moto ndani yake. Watoto walishangaa kuona volkano yao kutoka upande mwingine, ikiwa ndogo.

Saa kumi na moja alfajiri tuliwaamsha ili tupande kilima kabla ya jua kali. Kulikuwa bado giza. Mvulana mmoja wa mwaka wa nne aliamka haraka kuliko wote. Hakuuliza lolote. Alifunga blanketi yake, akachukua sufuria iliyokuwa karibu, akamshika mkono mdogo wake, akasimama tayari mlangoni. Kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, tunakimbilia wapi?"

Tulimwambia hatukimbii, tunapanda kilima tu, kuona. Aweke sufuria chini, tutarudi. Alituangalia kwa muda. Sufuria aliiweka, lakini blanketi alitembea nayo.

Tulipanda saa mbili na nusu kwa mwendo wa watoto, katika vijia vya mashamba ya kahawa. Tulipumzika mara nne. Wenye mashamba walitusalimu, na bibi mmoja akawagawia watoto nanasi. Huko juu waliona ziwa pande zote mbili, na vilima vya Rwanda ng'ambo. Walihesabu mitumbwi mpaka wakagombana juu ya hesabu. Yule mvulana alitandika blanketi yake, akalala usingizi katikati ya makelele. Tuliacha alale. Jioni aliporudi, sufuria ilikuwa mahali pake.

Sasa, wamama mnaotaka kujiandaa, haya ndiyo tunawaachia.

Kwanza, wauliza wanawake wa mahali kabla ya kumlipa mtu. Wanaochota maji wanajua mambo ambayo mwenye kiwanja hatawaambia.

Pili, upande wa Goma na Sake, msilaze mtu katika shimo, bonde dogo au mahali pa chini pasipo na upepo. Mkiona wadudu na ndege wamekufa, ondokeni. Msijaribu kupima wenyewe kwa kuingia na moto au mshumaa. Na mtu akianguka humo, iteni msaada wa wanaojua, msimkimbilie.

Tatu, boti ni ya asubuhi, na jile ni kwa kila kichwa, hata mama. Kuchelewa hakuui.

Nne, maji ya ziwa si ya kunywa hivi hivi. Kolera tunaijua sote. Yachemsheni au yatieni dawa, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Sisi tulimweka mama mmoja awe wa bidoni la kunywa peke yake, hakuna mwingine aliyeligusa.

Tano, watoto waoge mahali mlipopapima, mama wawili wakisimama ndani ya maji na kamba imefungwa, wengine wakihesabu vichwa ukingoni.

Sita, tazameni choo usiku, na si mchana tu. Tembeeni kutoka hemani mpaka chooni gizani. Kama ninyi wenyewe mnaogopa, msichana wa miaka kumi hataenda.

Saba, chefu wa kijiji ajue mko wangapi, na ulizeni habari za njia siku ileile ya kuondoka. Njia iliyokuwa salama mwaka jana si lazima iwe salama leo. Kama habari si nzuri, ahirisheni. Fedha zitabaki katika sanduku.

Yule mama wa sambaza tulirudi kumtafuta baada ya vakansi, tukamletea sukari na sabuni. Alishangaa. Alisema yeye alipita tu kwenda sokoni. Tulimnunulia beseni nzima, na siku ile kila nyumba ya kikundi ilikula sambaza.

Kikundi kitakachotaka kuona daftari yetu, tutakuja nayo kwenye mkutano ujao. Masharti yale matatu yako kwenye ukurasa wa kwanza.