Safari ya Jinja, Mji wa Mto Uliotiwa Kazini

Sisi tukaao Msasani twaitazama bahari kila siku, nasi tumeona jinsi kazi za pwani zigeukavyo. Mahali paitwapo Slipway palikuwa karakana ya kutengenezea vyombo vya baharini. Leo pana maduka na nyumba za kulia chakula. Na upande wa kaskazini, huko Kawe, kiwanda cha nyama ya makopo cha Tanganyika Packers kimenyamaza miaka mingi. Mara nyingi tumeulizana barazani: Kiwanda hufa kwa sababu gani? Basi, kwa kuwa swali hilo halikutupa raha, tulifunga safari kwenda Jinja, katika nchi ya Uganda, mji mdogo ulio ukingoni mwa ziwa Viktoria, pale mto Nile utokapo ziwani. Tulikuwa tumesikia ya kwamba viwanda vya mto ule viliinuka sana, kisha vikaanguka.

Tulipita Bukoba na Mutukula hata tukafika Kampala. Toka hapo njia yaelekea mashariki, mwendo wa kilomita 80 hivi, kati ya mashamba ya miwa ya Lugazi na msitu wa Mabira. Ghafula mto ukatokea mbele yetu, mpana, wa rangi ya kijani, wenye mkondo wa nguvu. Tuliuvuka kwa daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2018, lililoning'inizwa kwa kamba nene za chuma. Si mbali nalo lasimama daraja la kale la gari la moshi, la mwaka 1931.

Wasoga, wenyeji wa ng'ambo ya mashariki, huuita mto huu Kiyira. Na jina la Jinja maana yake ni jiwe, kwani hapo zamani maji yaliruka juu ya majabali yakitoka ziwani, na watu walikuja kuvua samaki na kuvuka. Mwingereza Speke alifika tarehe 28 Julai 1862, akaliita poromoko lile Ripon, kwa jina la bwana mmoja wa kwao. Mwaka 1907 akaja Winston Churchill, naye akasikitika kuona nguvu nyingi za maji zikipita bure pasipo kuendesha mtambo wowote. Lakini katika siku zile nchi ya Busoga ilikuwa katika msiba mkubwa, maana ugonjwa wa malale ulikuwa umeua watu wengi mno kando ya ziwa.

Kazi ya kwanza kuukuza mji ilikuwa pamba. Mwaka 1912 ilifunguliwa reli ya kutoka Jinja mpaka Namasagali, nayo ilileta pamba ya wakulima. Kisha meli ziliichukua kwa njia ya ziwa mpaka Kisumu, na gari la moshi likaipeleka Mombasa. Mwaka 1928 kikajengwa kiwanda cha tumbaku. Hata hivyo mto wenyewe ulikuwa haujatiwa kazini.

Hayo yakaja baada ya vita kuu ya pili. Ulijengwa ukuta wa kuzuia maji, kimo chake mita 31, mahali palipoitwa Owen. Na kwa kuwa mto huu ni uhai wa Misri, nchi hiyo nayo ilishirikishwa katika mapatano ya mwaka 1949. Malkia Elizabeth wa Pili akaufungua tarehe 29 Aprili 1954. Mitambo ilikuwa kumi, kila mmoja wa megawati 15. Maji yalipopanda nyuma ya ukuta, poromoko la Ripon likazama. Tulisimama pale ukingoni, tukaona maji yakizunguka polepole na wageni wakitembezwa kwa mashua. Mtu asiyeambiwa hawezi kujua ya kuwa palikuwa na ngurumo.

Umeme ulipopatikana, viwanda vilifuata. Katikati ya miaka ya 1950 kilianza kiwanda cha nguo cha Nyanza, ambacho watu hukiita Nytil, kilichofuma pamba ya nchi yenyewe. Mwaka 1956 likawashwa tanuri la kuyeyushia shaba iliyoletwa kwa reli kutoka Kilembe, chini ya milima ya Ruwenzori. Watu walikuja toka pande zote kutafuta mshahara.

Basi sikilizeni jambo lililotupa jibu. Mwezi wa Agosti 1972, Idi Amin aliwaamuru Waasia kuondoka nchini kwa muda wa siku 90. Wenye viwanda wakaenda zao, pamoja na makarani, mafundi na wafanya biashara waliojua vipuri hununuliwa wapi na fedha hupatikanaje. Mto haukupungua kwa amri ile. Ukuta ulisimama, na mashine zilikuwa mahali pake. Lakini viwanda vilidhoofika kimoja baada ya kimoja, na mwaka 1982 machimbo ya Kilembe yakakoma.

Tangu hapo mji umejitahidi kuinuka. Kituo cha pili cha umeme, Kiira, kilijengwa kando ya kile cha kwanza, na mwaka 2012 kikamalizika kile cha Bujagali, ambako nako poromoko lilizama. Nguo zafumwa tena, na tangu Julai 2020 Jinja yahesabiwa kuwa jiji. Lakini miaka iliyopotea haikurudi, wala poromoko halikurudi.

Tulirudi nyumbani na fikira moja. Maji, chuma na saruji haviendeshi kiwanda peke yake. Kiwanda huishi kwa watu wanaokijua, na wakiondoka hao, mashine huwa mzigo wa chuma. Hapa Msasani wangali wako wazee wajuao kuchonga ngalawa na kuziba nyufa zake. Wazazi, wapelekeni vijana wenu wakakae miguuni pao wangali hai. Karakana ikifungwa yaweza kujengwa nyingine; lakini fundi akizikwa na ujuzi wake, tutakwenda kuuazima kwa nani?