Ubongo Haupimwi kwa Mizani

Liko kosa moja ambalo napenda kuliungama mbele yenu, vijana, ili asije mwingine akalirudia.

Nilipokuwa nikifundisha katika shule moja ya Makueni, palikuwa na msichana aliyetoka ng'ambo ya Mto Athi, upande wa Kitui. Wazazi wake ni wakulima wa mtama na ndengu, na katika ukoo wao hapakuwa na mtu aliyepata kufika chuoni. Nduguye mdogo alikuwa na kifafa. Kila alipoanguka majirani walikimbia, wakisema ana pepo.

Siku moja msichana yule aliniuliza, "Mwalimu, ni nini hasa kinachotukia ndani ya kichwa chake?" Nikamweleza kuwa ubongo hufanya kazi kwa nguvu ndogo za umeme, na kifafa huzuka umeme huo unapovurugika ghafla. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Basi mimi nitausomea ubongo."

Nikacheka. "Binti yangu," nikamwambia, "udaktari peke yake ni miaka 6, na elimu ya ubongo ni miaka mingine juu yake. Nani kwenu atakayelipa? Chagua kazi iliyo karibu nawe." Akainama, asiseme neno.

Baada ya miezi michache nilisoma habari iliyonichoma moyo. Mwaka 1934, daktari mmoja wa Nairobi aitwaye F. W. Vint alitangaza kuwa amepima bongo za Waafrika wa Kenya na kuziona nyepesi kuliko za Wazungu. Tena mwaka 1953, J. C. Carothers, aliyepata kuiongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, aliandika katika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani kwamba Mwafrika huitumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo wake. Sayansi imekwisha kuyakataa madai hayo, kwani akili ya mtu haijulikani kwa uzito wa ubongo wake.

Niliwakasirikia sana mabwana wale. Kisha nikajiuliza: je, mimi nami sikumpima mtoto yule? Vint alitumia mizani. Mimi nilitumia umaskini wa baba yake.

Nilimwita, nikamwomba radhi. Akanijibu kwa upole, "Nilikwisha kukusamehe, Mwalimu, lakini nia yangu sikuiacha."

Wazazi wake waliuza mbuzi, na majirani walewale waliokuwa wakikimbia walikuja kuchanga katika harambee. Sasa yuko chuo kikuu, mwaka wa 3 wa udaktari. Nduguye hunywa dawa kila siku, na huanguka kwa nadra. Safari ya binti huyo ingali ndefu, na huenda ikamshinda. Lakini ikimshinda, isiwe kwa sababu ya kicheko cha mwalimu wake.