Kurunzi ya Shangazi

Shangazi yangu ni mkunga. Kwa miaka mingi aliitwa usiku kwenda kuwasaidia akina mama waliokuwa wakijifungua, na njia yake ilipita juu ya daraja la magogo. Mwaka 2014, nilipokuwa na umri wa miaka 17, balbu ya kurunzi yake iliungua. Nikamwambia kwa majivuno, "Usinunue nyingine, shangazi. Nitakuundia mimi."

Nilikusanya kipande cha bomba la plastiki, swichi, nyaya na taa ya diodi ya wati 1, aina ile iitwayo LED. Taa ya diodi haina uzi unaowaka kama balbu ya zamani, na hutumia umeme kidogo. Mwaka huohuo wanasayansi watatu waliozaliwa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kuvumbua diodi ya mwanga wa buluu, iliyowezesha kupatikana kwa taa nyeupe za aina hii.

Taa yangu ilihitaji volti 3 hivi, na mkondo usiozidi miliampea 350. Nilitia betri kavu mbili. Kila betri mpya ina volti 1.5, mbili zikiungwa kwa mfuatano hutoa volti 3. Nilidhani hesabu imekwisha. Kumbe betri ikitumika, volti zake hupungua. Baada ya siku chache kila betri ilibaki na volti 1.2, yaani 2.4 kwa jumla. Usiku mmoja shangazi alifika darajani na mwanga hafifu kama wa kijinga cha moto. Aliteleza, akaumia goti. Alimfikia mzazi akichechemea. Mtoto alizaliwa salama, lakini mimi niliona aibu kubwa.

Nikaongeza betri ya tatu, zikawa volti 4.5. Taa iling'aa ajabu! Muda si muda ikawa ya moto, ikafifia, ikafa. Hapo nilijifunza kwamba katika diodi, ongezeko dogo la volti huleta ongezeko kubwa la mkondo. Mkondo ukizidi, joto huiharibu taa.

Nikanunua taa nyingine, na safari hii niliunga pamoja nayo kikinzani cha omu 5. Kikinzani ni kifaa kinachopunguza mkondo. Hesabu yangu ilikuwa hivi:

Volti za ziada: 4.5 − 3 = 1.5
Mkondo: 1.5 ÷ 5 = ampea 0.3, yaani miliampea 300

Taa haikuungua. Hata hivyo, theluthi moja ya nishati ya betri ilipotea bure kama joto katika kikinzani. Tena, betri zilipochakaa, mkondo ulishuka hadi karibu nusu, na mwanga ukapungua pamoja nao.

Mwishowe nilikwenda kwa fundi redio mjini. Baada ya kumwamkia, nilimweleza shida yangu. Alinionyesha vibao vidogo vyenye sakiti, vipana kama sarafu. "Hivi huitwa draiva," alisema. "Kazi yake ni kuongoza mkondo ili taa ipate kiasi kilekile, hata betri zikichoka. Betri zako zikiwa na volti nyingi kuliko taa, chagua draiva ya kushusha. Zikiwa na volti chache, chagua ya kupandisha."

Nilirudia betri mbili, kwa hiyo nilihitaji draiva ya kupandisha. Zilikuwapo mbili: ya miliampea 300 na ya miliampea 100. Nilinyosha mkono kuchukua ya 300. Fundi akauliza, "Kijana, nani atakayeitumia?"

"Shangazi yangu, mkunga."

"Basi, anataka kung'arisha mlima au kuona njia mpaka arudi nyumbani? Draiva haizalishi umeme. Kila inachoipa taa, inakitoa katika betri. Hii ya 300 itazimaliza mapema mno."

Nilichukua ya 100. Mwanga wake haukuwa mkali, lakini ulitosha kuonyesha kila gogo la daraja, na haukupungua usiku hata usiku. Ila draiva ina tabia moja ya kujihadhari nayo. Kwa kuwa mwanga haufifii polepole, betri zikiisha taa huweza kuzimika karibu ghafla. Kwa hiyo nilimshonea shangazi mfuko mdogo wa betri za akiba.

Alipovuka daraja na kurudi salama mara ya kwanza, aliniambia, "Mwanangu, sasa umeunda kurunzi. Ile ya kwanza ulijiundia mwenyewe." Nilimwelewa. Awali nilitafuta mwanga wa kujivunia. Fundi alinifundisha kuuliza kwanza juu ya betri, taa, na mtu atakayeishika gizani.

Maswali
1. Kwa nini taa ya diodi iliungua ilipoungwa na betri tatu bila kikinzani?
2. Betri moja ina volti 1.5, na taa inahitaji volti 3. Utachagua draiva ya kushusha au ya kupandisha? Eleza sababu.
3. Kwa nini fundi hakumshauri mwandishi achukue draiva ya miliampea 300?