Mkono Ulipogoma

Mhariri alinituma kusini kufuatilia minada ya korosho. Nikakaa Masasi siku nne, nasikiliza wakulima wanavyolalamikia bei. Siku ya tano nikapanda kosta kwenda Newala, kumsalimia baba mdogo. Huo ni ukweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilikuwa na deni kule juu.

Deni lenyewe ni mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo. Miaka mitatu iliyopita alisajiliwa kuwa golikipa wa timu moja ya Dar (jina naliweka kapuni). Nilimwandika ukurasa wa mwisho wa gazeti, picha kubwa, kichwa cha habari kikubwa zaidi. Alidaka mechi sita. Akaumia goti mazoezini, mkataba ukaisha, akarudi nyumbani na begi lilelile. Sikuandika hata mstari mmoja. Simu pia sikupiga.

Nilimkuta uani anaanika korosho.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Goti vipi?"

"Lipo."

Basi, mazungumzo yakaishia hapo.

Jioni tukatembea hadi Shimo la Mungu, pale uwanda wa Makonde unapokatika ghafla. Chini ni bonde la Ruvuma, ng'ambo ni Msumbiji. Nikakosa la kusema, nikaanza kumsimulia habari za Collins Obuya.

"Ndiyo nani huyo?"

Swali la haki kabisa. Wengi wetu kriketi tunaiona tukipita nje ya ukuta wa Gymkhana tu. Obuya ni Mkenya, mrusha mpira. Ni kazi inayofanana na ya yule mrushaji wa besiboli tunayemwona kwenye sinema za Kimarekani, ila huyu mpira wake hudunda chini kwanza, kisha unageuka. Siri yote iko kwenye kifundo cha mkono na vidole.

Tarehe 24 Februari 2003, Kombe la Dunia, Kenya iliikaribisha Sri Lanka jijini Nairobi. Sri Lanka hao ndio waliokuwa mabingwa wa dunia mwaka 1996. Obuya, kijana wa miaka 21, akawatoa wapigaji watano kwa mikimbio 24 tu, akiwemo mkongwe Aravinda de Silva. Kenya ikashinda kwa mikimbio 53, na mwisho wa safari ikafika nusu fainali, ikatolewa na India.

Mwaka huohuo klabu ya Warwickshire ya Uingereza ikampa mkataba. Kijana kafika, mnaona? Lakini goti likamsaliti, na urushaji wake haukurudi tena kama zamani. Enzi yake ya kutisha kwa kurusha ikaishia pale, hata miaka 25 hajafika.

"Goti," mdogo wangu akasema.

"Goti."

"Akarudi kwao kuanika korosho."

Tukacheka, mara ya kwanza siku ile. Nikamwambia hapana, aliokota gongo, la kupigia mpira, si hili letu la mabibo. Akajifunza upya kama mpigaji. Tarehe 13 Machi 2011, kule Bangalore, dhidi ya Australia, alisimama hadi mwisho akiwa na mikimbio 98, hajatolewa. Ilibaki miwili kufikisha mia, mipira ikaisha. Kenya ilifungwa siku ile, lakini yeye aliendelea kuichezea hadi alipostaafu mwaka 2024.

Nikanyamaza, nikisubiri somo limwingie. Kumbe mwenzangu alishaliona tangu nilipofungua mdomo.

"Hadithi nzuri, kaka," akasema. "Lakini huyo alikuwa na kazi ya pili ndani ya mchezo uleule. Golikipa goti likifa anacheza namba ngapi?"

Kimya.

"Halafu, alipoumia, wale waliomwandika alipokuwa anatoa watu watano, walimpigia simu?"

Nilitazama Msumbiji kwa muda mrefu sana.

Wadau, sisi waandishi tunajua kupanda na mtu. Akianza kushuka, kila mmoja wetu anakumbuka ana habari nyingine ya kukimbilia. Nilikwenda Newala na hadithi ya Mkenya mfukoni ili nisiseme neno moja dogo. Nikalisema, giza likiwa limeshaingia: "Nisamehe, mdogo wangu."

Akajibu, "Yamepita." Kisha akaongeza, "Ukiniandika tena, usiandike kwamba nina moyo wa chuma. Andika hilo la simu."

Nimeandika. Jana usiku nimempigia, tumeongea dakika kumi na mbili, habari za mvua na korosho. Goti hatukuligusa.